Beseni la Maji Moto Likikata Umeme

Tunaishi Seven Hills, kituo kimoja cha treni kabla ya Blacktown ukitokea mjini. Nyumba tuliyopanga wanafunzi wanne ina beseni la maji moto uani, lile ambalo wenyeji huliita spa. Baada ya kubeba boksi usiku kucha, jamani, hiyo ni raha tupu! Baridi ilipoingia likaanza vituko: unaliwasha, dakika chache nyumba nzima giza. Mwenzetu mmoja akashauri tuiruke ile swichi kwa kipande cha waya, "kama nyumbani". Nilikataa, na sababu ndiyo somo lenyewe.

Kwenye boksi la umeme, breka hukata pale umeme unapotumika kupita kiasi. Swichi ya usalama, ile yenye kitufe cha kujaribia, kazi yake ni nyingine: inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaovujia ardhini, nayo inakata kabla ya theluthi ya sekunde. Njia ya kuvujia yaweza kuwa mwili wako. Kwa breka ya ampea 15, uvujaji huo si kitu, hauoni kabisa.

Sasa, bila kufungua kifuniko chochote, unaweza kujua mengi. Watu wote watoke majini. Zima umeme kwenye boksi, halafu kwa mikono mikavu chomoa plagi ya beseni. Rudisha swichi ya usalama. Ikikata tena, mchawi yuko kwingine, labda birika au mashine ya kufulia. Ikikaa, chomeka beseni, washa mara moja tu, na uangalie saa. Ikikata papo hapo, shuku pampu iliyoingia maji, au unyevu na sisimizi kwenye boksi la kuongozea (sisimizi wa huku wanapenda joto la humo). Ikikata hita inapoanza, kama letu, shuku koili. Ndani ya koili kuna waya, umezungukwa na poda inayozuia umeme, nje bomba la chuma. Bomba likitoboka kwa kutu, poda inanyonya maji na umeme unavuja. Waliokaa Nairobi wanaijua ile shawa ya umeme inayokutekenya ukigusa koki. Ni ndugu yake huyo.

Kama umeme haukati ila maji ni baridi, safisha filta kwanza. Mara nyingi ni hiyo tu.

Plagi ya ampea 15 ina pini pana ya ethi. Wapo wanaoipiga tupa iingie soketi ya ampea 10. Acha kabisa! Volti 230 mara 15 ni wati 3,450. Soketi hiyo ni ya wati 2,300.

Kufungua ni kazi ya fundi mwenye leseni, hata kama unasomea uhandisi. Kwa sheria ya upangaji ya New South Wales ya 2010, hitilafu ya umeme yenye hatari ni matengenezo ya dharura. Mpigie wakala, kisha mwandikie. Asipojibu baada ya muda wa kutosha, unaweza kumwita fundi mwenye leseni na kudai urudishiwe hadi dola 1,000. Mwenye nyumba alipe ndani ya siku 14 tangu umwandikie, kwa hiyo tunza risiti. Wakala wetu alituzungusha siku tatu, barua pepe ndiyo iliyomwamsha. Fundi akapima koili kwa mita, inavuja, akaweka mpya.

Na mpaka fundi afike, plagi ibaki imechomolewa na beseni lifunikwe.