Kupima Faida ya Umeme Vijijini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kwa maofisa na watafiti wanaotoka Kampala kwenda wilayani.

Usihesabu nguzo ukayaita maendeleo. Nguzo, transfoma na mita ni gharama ya mradi. Faida yake itafute kwa watu.

Pima kabla nyaya hazijafika. Ukichelewa, utabaki kuandika kumbukumbu za watu, nazo hupunguka.

Usilinganishe vijiji ambavyo havikuanza sawa. Laini hufuata barabara na vituo vya biashara, mahali penye fedha tangu zamani. Ukikuta maduka mengi chini ya nyaya, huna haki ya kusema umeme ndio ulioyaleta. Magharibi mwa Kenya, watafiti Lee, Miguel na Wolfram waligawa punguzo la ada ya kuunganishiwa kwa bahati nasibu. Utafiti wao wa 2020 ulionyesha kwamba maisha ya waliopata umeme hayakubadilika sana. Lakini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mtafiti Dinkelman alikuta mwaka 2011 kwamba umeme uliwafungulia wanawake ajira. Basi usiende na jibu mfukoni.

Omba kumbukumbu za Yaka, mita za kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mpango wa Uganda wa kuunganisha bure ulioanza Novemba 2018 ulimwondolea mteja ada. Kutandaza nyaya za ndani kulibaki juu yake. Nyumba yenye mita isiyonunua uniti miezi mitatu iko gizani. Iandike hivyo, hata kama ripoti ya wafadhili itapungua uzuri.

Usimhoji baba peke yake. Mama ndiye anayejua kama kuni zimepungua, na mara nyingi hazijapungua hata kidogo: taa imewaka sebuleni, jikoni moshi ni uleule.

Uliza umeme hukatika saa ngapi. Muulize kinyozi, mwenye mashine ya kusaga, na muuguzi anayetunza chanjo kwenye friji.

Usidhani kila asiye na mita anatumia tadooba, yaani kibatari cha mafuta ya taa. Wengi wana taa za sola. Ukizipuuza, unauzidishia mradi sifa.

Tunza takwimu za mwanzo. Wakala wa umeme vijijini uliingizwa katika Wizara ya Nishati mwaka 2021. Kampuni binafsi iitwayo Umeme ikakabidhi mtandao wa usambazaji kwa UEDCL, kampuni ya serikali, mwaka 2025. Faili hupotea katika makabidhiano kama hayo. Zitafute kabla ya kuomba fedha za utafiti mwingine.