Mwanga na Rangi ya Karatasi za Picha: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Mwalimu anapowaonyesha wanafunzi karatasi mbili za kuchapishia picha na kuuliza ipi ni nyeupe zaidi, hana budi kwanza kujiuliza anaziangalia kwa mwanga gani. Swali hili huonekana jepesi, lakini darasani huzusha ubishi, na tumewahi kumwona mwalimu akimkosoa mtoto aliyeona sawasawa.

Karatasi haina mwanga wake yenyewe. Hurudisha ule unaoiangukia. Mwanga wa chemli, ambao joto la rangi yake hukadiriwa kuwa kelvini 1,900 hivi, una wekundu na umanjano mwingi, na buluu kidogo. Balbu ya nyuzi hufikia 2,700, na mwanga wa mchana 5,500 au zaidi. Ndiyo maana mwalimu anayechora chati usiku kwa chemli huona manjano yake imefifia juu ya karatasi nyeupe, na buluu iliyokolea huidhania nyeusi. Wachapaji wa picha, ili wasibishane, wamekubaliana kukagua kazi yao kwa mwanga wa kelvini 5,000.

Karatasi za picha zina jambo la ziada. Nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha, ambayo hunyonya miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa buluu. Nje, wakati wa mchana, karatasi ya namna hiyo huwa nyeupe yenye kuelekea buluu. Isiyo na dawa, ikiwekwa kando yake, huonekana ina rangi ya maziwa. Zikiangaliwa ndani usiku, tofauti hiyo hupungua sana, kwa kuwa chemli, na hata balbu nyingi za LED za siku hizi, hutoa urujuanimno kidogo mno. (Aliye na taa ya zambarau ya kukagulia noti ataiona dawa hiyo mara moja: karatasi ya picha huwaka buluu, ilhali karatasi ya noti halali hubaki imefifia.)

Kila kikundi kipewe vipande vitatu: karatasi ya picha, ukurasa wa daftari na ukingo wa gazeti. Waviangalie uwanjani, kisha dirishani, kisha kwa chemli katika chumba kilichotiwa giza. Waandike kabla ya kuzungumza, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua rangi. Wala mwalimu asionyeshe kipande kimoja peke yake, kwani jicho hujizoeza na mwanga uliopo, likaiona karibu kila karatasi kuwa nyeupe.

Katika kusahihisha, mtoto aliyeandika kwamba karatasi zinalingana kwa chemli, na mwenzake aliyeandika kwamba hazilingani uwanjani, wote wapewe alama kamili, mradi kila mmoja ametaja mwanga aliotumia. Asiyeutaja arudishiwe vipande vyake akaviangalie upya.