MIKOKO NA TOPE LAKE
Somo katika khabari ya ardhi iumiayo na ardhi iponayo

Ijulikane ya kwamba ardhi hupatwa na majeraha kama upatwavyo mwili wa mwanadamu. Yako majeraha yatokayo katika mwenendo wa ulimwengu wenyewe: mvua iliyopita kiasi, mto uliobadili njia, mawimbi yaliyokula pwani. Na yako yatokayo katika mkono wa mtu: shoka, jembe, moto na mifugo. Watu hubishana ni yapi kati ya hayo yenye madhara zaidi, na ubishi huo hauna faida kubwa. Swali lenye faida ni hili: baada ya jeraha, je, ardhi imebakiwa na kitu cha kujiponyea? Ikiwa imebakiwa, hupona hata jeraha likiwa kubwa. Ikiwa haikubakiwa, haiponi hata jeraha likionekana dogo.

Mtu wa pwani hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mfano uko nyuma ya mji wake, penye mikoko.

FASLI YA KWANZA: TOPE NA KAZI YAKE

Mikoko haikuota ovyo. Mlilana husimama mbele, upande wa mawimbi. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kisha hufuata muia na mkandaa. Na mchu, ingawa mahali pengine huonekana mbele, aghlabu hukaa nyuma kabisa, karibu na wangwa, ambapo chumvi ni nyingi. Kila mti una kiasi chake cha maji na chumvi. Mahali panapofikiwa na bahari kila siku si sawa na mahali panapofikiwa kwa maji ya bamvu tu.

Wengi hudhani kwamba tope lilikuwako kwanza, kisha mti ukaja kuota juu yake. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba mti ndio unaolilinda tope na kulizidisha. Maji yajaapo huingia kati ya mizizi, na mizizi huyapunguza mwendo. Na maji yakipungua mwendo huangusha tope yaliyolibeba. Siku kwa siku, bamvu kwa bamvu, ardhi huinuka kidogo kidogo. Mti ukiondoka, maji yale yale yaliyokuwa yakileta huanza kuchukua.

Ndani ya tope hakuna hewa. Kwa hiyo mchu na mlilana hutoa vijiti vinavyochomoza juu, na mkoko husimama juu ya mizizi iliyo wazi. Hizo ndizo pua za mti. Ajue msomaji jambo hili vizuri, maana litarudi mbele.

Na kwa kuwa hakuna hewa, majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, bali hulimbikana karne kwa karne. Wataalamu waliopima udongo huu wameona kwamba hekta moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko hekta moja ya misitu mingi ya bara, na sehemu kubwa ya akiba hiyo iko chini ya ardhi, wala si katika miti inayoonekana. Humo pia mna chuma na kibiriti vilivyoungana; harufu ile ya yai bovu anayoisikia mtu akikanyaga tope ni ya kibiriti. Maadamu tope limefunikwa na maji, kibiriti hicho hakina dhara. Likikaushwa kwa boma au kwa mfereji, hewa huingia, kibiriti hugeuka kuwa tindikali, na udongo ukawa mkali hata mmea hauustahimili.

Kaa naye ni mkulima wa mahali hapo. Huchimba mashimo yapitishayo maji na hewa, na huyavuta majani chini akayahifadhi kabla ya bahari kuyachukua. Na katika kivuli cha mizizi hukua kamba na samaki wadogo, ambao wakikomaa huvuliwa na watu ambao pengine hawajaingia msituni hata siku moja.

FASLI YA PILI: JERAHA LISILO LA MTU

Mikoko imezoea misukosuko. Upepo huangusha mti mmoja, mawimbi huchimbua mitano, na mwanya ukafunguka. Lakini mwanya huo haukai wazi siku nyingi, kwani mkoko una hekima katika kuzaa. Mbegu yake huota ingali juu ya mti. Hurefuka ikaning'inia kama mshumaa, kisha huanguka. Ikianguka maji yakiwa yametoka, huweza kuchoma tope na kusimama pale pale. Ikianguka maji yakiwa yamejaa, huelea na kwenda kutafuta mahali pengine.

Basi vitu vya kuponyea ni vitatu: mti mama uliobaki karibu, tope lililobaki mahali pake, na maji ya bahari yaliyobaki na njia ya kuingia na kutoka. Vitatu hivi vikiwapo, dhoruba hupita na msitu hurudi. Kimoja kikikosekana, kurudi huwa kuzito. Vikikosekana vyote, hakuna kurudi.

FASLI YA TATU: JERAHA LA MKONO WA MTU

Kwa karne nyingi majahazi yalishuka kwa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kwa kusi yakarudi na boriti za Lamu na Rufiji. Nchi zile ni haba wa miti mirefu, na nyumba zake nyingi zikaezekwa kwa mikoko ya pwani hii. Hata upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Na katika nyumba za mawe za Lamu vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa sababu hiyo hiyo.

Biashara hiyo haikuumaliza msitu kwa muda mrefu, na sababu moja yaonekana katika majina. Wakataji waliigawa miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwenye kutaka boriti hakuwa na haja ya kukata fito, aliiacha ikue. Ukataji wa kuchagua huacha mama, huacha kivuli, na huacha tope limeshikwa. Walakini hata kuchagua kuna mpaka. Wakataji wakirudi upesi mno, na kila mara wakatwaa mti ulionyooka, mwishowe hubaki miti iliyopinda tu, na hiyo ndiyo izaayo. Bandu bandu huisha gogo.

Serikali ziliona hatari hii. Katika Kenya mikoko yote ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mwaka 1982 ikakatazwa kupeleka boriti ng'ambo.

Ukataji wa kufyeka ni jambo jingine kabisa. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Tanuri halichagui kati ya fito na nguzo. Vipande vizima vya pwani vikawa vyeupe, na miaka ikapita wala havikuota.

Kwa nini havikuota? Jibu liko katika mti na katika udongo. Mchu ukikatwa hutoa machipukizi shinani. Bali mkoko mkubwa ukikatwa haurudi tena, kwa kuwa macho ya kuchipulia yaliyo katika gogo lake yamekwisha kufa. Na mama wote wakiondoka, hakuna wa kuangusha mbegu. Ama udongo, huanza kuchomwa na jua lililokuwa limezuiwa. Maji hupanda kwa mvuke na chumvi hubaki. Mizizi iliyokufa huoza, na ardhi iliyokuwa imeshikwa nayo hushuka. Kaa wanaopenda kivuli huhama, na mashimo yao huzibika. Kisha mbegu ikiletwa na maji kutoka mbali, haina pa kunasa. Huja na bamvu na kuondoka na bamvu.

FASLI YA NNE: MAJERAHA MAWILI YAKIKUTANA

Mwisho wa mwaka 1997 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande wa Afrika, katika mwaka wa El Niño, na mvua kubwa zikanyesha hata mwanzo wa 1998. Mto Mwache, utokao bara ya Kwale na kumwaga katika hori iliyo magharibi ya Mombasa, ulishuka na mchanga na tope jingi mno. Mikoko ya hori ile ilifunikwa mizizi. Hapo ndipo msomaji akumbuke zile pua za mti: zikizikwa, mti hufa kwa kukosa pumzi. Miti mingi ilikufa imesimama, na haikuguswa na shoka.

Mwenye haraka atasema: huo ulikuwa msiba wa mvua, mtu hana lawama. Lakini na aulize, mchanga ule ulitoka wapi? Ulitoka katika miteremko ya bara, iliyolimwa bila kingo na kulishwa mifugo hata majani yakaisha. Ardhi iliyovikwa majani hupokea mvua kwa upole. Ardhi iliyo uchi huachilia udongo wake. Mvua haikuwa ya mtu. Udongo uliolegea ulikuwa wa mtu. Na mkulima wa mlimani hakukusudia kumdhuru mvuvi wa hori. Pengine hawajapata kuonana. Ila dhara ilifika.

Mfano wa pili ni Rufiji, ambako mikoko imeenea kiasi cha hekta 50,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mafuriko, mto uligeuza sehemu kubwa ya maji yake kuelekea midomo ya kaskazini. Maji ya chumvi huko yakapungua ukali, na watu wakaona kwamba mpunga unaweza kuota penye mikoko. Wakafyeka, wakapanda, wakavuna. Lakini baada ya miaka michache magugu huzidi, na kaa huila miche. Mkulima huliacha shamba na kufyeka jingine. Shamba lililoachwa aghlabu hushikwa na majani marefu yanayoizuia mbegu ya mkoko. Mto ulifungua mlango, na jembe likaingia. Kila mmoja peke yake usingeleta hali hiyo.

Somo la mifano hii ni moja. Majeraha hayajumlishwi kama fedha, moja na moja kuwa mawili. Jeraha la kwanza huondoa nguvu za kulistahimili la pili. Msitu wenye mama wengi hupita katika mafuriko. Msitu uliofyekwa nusu, mafuriko yale yale humaliza nusu iliyobaki.

FASLI YA TANO: DAWA

Haitoshi kumwambia mkata boriti aache. Naye ana watoto, na katika Lamu, penye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nyumba nyingi zimelishwa kwa shoka hilo. Wala haitoshi kumwacha akate atakavyo, kwa sababu kamba wa jirani yake na ukingo wa mji wa jirani yake vimo katika msitu ule ule. Haki ya mmoja isimalize haki ya mwingine. Basi dawa ni kukata kwa kiasi na zamu: kuacha mama katika kila kipande, kupumzisha kipande kilichokatwa hata fito zake ziwe boriti, na kutofyeka ukingo wa bahari wala kandokando ya hori.

Na pale palipokwisha kufa, mkono ulioharibu unaweza kutengeneza. Gazi walianza kupanda mwaka 1991. Miti ya mkoko iliyopandwa ilipofika miaka 12 ilikuwa na urefu wa mita 8 hivi na unene wa pau. Kaa wakarudi, kamba na samaki wadogo wakaonekana tena kati ya mizizi, na miche isiyopandwa na mtu ikaanza kuota chini ya iliyopandwa. Hiyo ya mwisho ndiyo alama ya kupona, maana msitu umekuwa na mama tena. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa jina la Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117, na hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimesaidia maji na shule za vijiji.

Ila kupanda kuna elimu yake. Mwenye kuutia mkoko mahali pa mlilana, mbele ya mawimbi, hupanda mwaka huu na kupanda tena mwaka ujao. Na mwenye kupanda penye boma lililozuia maji hupoteza kazi yake; afungue maji kwanza, na pengine bahari itamletea mbegu bila gharama. Na wa bara naye ana sehemu yake: kingo katika shamba la mteremko, na majani kandokando ya mto, ni ulinzi wa mikoko ambayo hatapata kuiona.

KHULASA

Mti uliokatwa huweza kurudi katika umri wa mtu mmoja. Tope lililojengwa kwa karne nyingi, likichukuliwa na bahari, haliwi tena katika umri wa watoto wake wala wajukuu. Kwa hiyo mwenye akili huhesabu kwanza kilicho chini ya miguu yake, ndipo akahesabu kilicho juu. Ardhi hii ameipokea kwa waliotangulia, na anaidaiwa na wajao. Na amana haijulikani kuwa imetunzwa ila siku ya kurudishwa.

MASWALI YA SOMO

1. Vitu vitatu vya kuuponya msitu wa mikoko ni vipi?
2. Kwa nini mchu uliokatwa huchipua, na mkoko mkubwa usichipue?
3. Mikoko ya Mwache ilikufa kwa nini, na mchanga ulitoka wapi?
4. Tope likikaushwa, kibiriti kilichomo hufanya nini?
5. Katika msitu uliopandwa, ni alama gani ionyeshayo kwamba umepona?