Darasa Litulie Bila Kiboko

Julai ikifika na baridi ya Nyeri ikashika, madirisha yakafungwa na watoto hamsini wakabanana wakipashana joto kwa porojo, hapo ndipo mwalimu hukumbuka kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza uzito: anayemtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, mwilini au moyoni, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Basi tufanyeje, na sauti zimetukauka? Haya hapa ya kujaribu, uwe Othaya, Kerugoya au Nanyuki.

1. Sheria za darasa ziwe chache

Nne zinatosha. Zitungeni pamoja na watoto, mzibandike ukutani. "Inua mkono kabla ya kusema" inaeleweka. "Kuwa na nidhamu" haimwambii mtoto afanye nini. Watangazieni mapema anayezitii atapata nini na anayezivunja itakuwaje, maana adhabu inayobuniwa wakati wa hasira huwa kubwa kuliko kosa.

2. Tuza upesi, tuza kwa kidogo

Makofi ya kilo hayana bei. Kukaa upande wa dirisha linaloingiza jua, kutangulia kwenye foleni ya githeri, kuchagua wimbo wa kufungia siku, kubeba mpira kwenda uwanjani: yote ni ya bure, na mtoto wa Gredi ya 4 atayapigania. Mtajie hasa alichofanya. "Leo umemngoja mwenzako amalize kusema" inamfaa kuliko "mtoto mzuri".

Ila usiahidi zawadi kwa jambo ambalo watoto tayari wanalipenda. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio lao na watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walikuja kuchora kidogo kuliko wenzao pale walipoachwa wajichagulie. Waliopewa cheti ghafla, bila ahadi, hamu yao haikupungua. Kwa hiyo darasa likisoma hadithi kwa raha zake, liache lisome. Ukitaka kulituza, lishtukize.

3. Iga beji za skauti

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi miaka yake ya mwisho papa hapa Nyeri, katika nyumba yake ya Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake mjini bado hutembelewa na skauti wa nchi nyingi. Beji zao zina siri tatu: kila mmoja anajua kabla afanye nini ili aipate, wanaoweza kuipata hawana idadi, na aliyepata hufurahi bila mwenzake kukosa. Linganisha na zawadi zetu za kufunga muhula, ambapo watatu hubeba madaftari na kalamu na waliobaki hupiga makofi mwaka baada ya mwaka. Tengeneza beji za karatasi za manila: ya kuwahi wiki nzima, ya kumsaidia mgeni darasani, ya daftari safi. Anayeshika mkia katika hesabu naye atakuwa na kitu cha kumwonyesha nyanya yake.

4. Shindanisha makundi

Mchezo huu ulijaribiwa darasani Kansas, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1969. Gawa darasa makundi mawili. Kila mtu akivunja sheria, kundi lake linapigiwa alama ubaoni. Kundi lenye alama chache linashinda, na yote mawili yakibaki chini ya kiwango mlichokubaliana, yote yanashinda. Mwishoni wanapata dakika kumi za mchezo. Akiwapo mmoja anayeliponza kundi lake makusudi ili achekeshe watu, mfanye kundi la peke yake. Utamu wa kuchekesha utaisha.

5. Adhabu ifanane na kosa

Aliyechora dawati alisugue. Aliyetupa taka aokote. Aliyempigia mwenzake kelele amsaidie kunakili alichokosa. Mtoto anaona njia kutoka kosa hadi malipo yake.

Mimi napinga kabisa adhabu ya kulima. Huko Mukurwe-ini na Othaya, mzazi amemlisha mtoto huyu kwa kahawa na majani chai, halafu shule inamfundisha kwamba jembe ni la wakosaji. Kisha tunashangaa vijana wakilikimbia shamba! Na chakula cha mchana hakiguswi, hata kosa liwe kubwa namna gani.

6. Aibu iondoke darasani

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisoma kwa watawa katika Misheni ya Mathari hapa Nyeri. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kuhusu kibandiko walichokiita "monita", kilichopitishwa kwa kila aliyenaswa akiongea lugha ya mama. Aliyekutwa nacho jioni alifagia au kukata nyasi. Kilichouma zaidi ni fedheha, na fundisho lililobaki ni kwamba lugha ya nyumbani ni ya kuonea haya. Tena mtoto alilazimika kumvizia rafiki yake ili amtupie mzigo. Kibandiko hicho bado kinazunguka katika baadhi ya shule, kikiwa na majina mengine. Kama shule yako inacho, kichomeni.

7. Kiranja asiwe hakimu

Kiranja agawe vitabu, apange foleni, aite mwalimu. Asiadhibu. Ile orodha ya wapiga kelele anayoiandika nayo ina matatizo: rafiki hufutwa, adui huongezewa nyota. Ukishindwa kuiacha, isiwe hukumu. Muulize kwanza aliyeandikwa.

Hapa sina mzaha. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao usiku wakiwa wamelala. Mtoto anayepewa mamlaka ya mwalimu hubeba pia chuki anayobeba mwalimu, wala hana nyumba ya kurudi jioni: analala bwenini pamoja na wanaomchukia.

8. Usitoze faini

Wanauchumi walishalijaribu hili. Shule za watoto wadogo huko Haifa, Israeli, zilianza kuwatoza wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Wachelewaji wakaongezeka, kwani sasa kuchelewa kulikuwa kitu cha kununua. Shilingi tano za mchelewaji hazimwamshi alfajiri, zinamfanya tu aibe mkobani mwa mama.

9. Mpigie mzazi kwa habari njema

Mzazi anayeuza viazi sokoni Karatina akiona namba ya shule, moyo humruka: kuna karo haijalipwa, au kijana amevunja dirisha. Mshangaze. Mwambie, "Mama Wanjiru, leo mtoto amesimama akasoma ukurasa mzima mbele ya wenzake." Simu ya dakika moja, na jioni yake mtoto anasifiwa na watu wawili. Siku utakayompigia kwa kosa atakusikiliza, kwa kuwa anajua huyo mtoto unamwona mzima. Chagua mmoja, yule msumbufu hasa, umpigie mzazi wake kabla ya Ijumaa.