PISI 6 ZA KITENGE ZIMEENDA WAPI? Somo la kuhesabu mzigo ulio mezani kwa fundi

Leo naongea na wale tunaotengeneza kabla ya kuposti: nguo, mikoba, viatu, sabuni. Mfano ni wangu wa magauni, wewe weka bidhaa yako.

Mwezi mmoja mwaka jana nilinunua pisi 20 za kitenge, kila pisi 18,000. Pisi ina yadi 6 na gauni langu linakula yadi 3, kwa hiyo nategemea magauni 40. Mwisho wa mwezi nikahesabu: magauni yaliyokamilika 18 (hizo ni pisi 9), na dukani zimebaki pisi 5. Jumla 14. Pisi 6 hazionekani! Nikaangalia na daftari: nimeuza 450,000, nimetumia 566,000. Hasara 116,000. Nikasema hapa naibiwa.

Nikamfuata fundi wangu na maneno makali, tena mbele ya wateja wake. Hakubishana. Akavuta mfuko wa sandarusi chini ya cherehani, akatoa vipande na kuvihesabu mbele yangu. Magauni 8 yamekatwa tu, 4 yameshonwa bado zipu na pindo. Jumla 12, ndiyo pisi zangu 6. Akaniambia, "Dada, ungeuliza kwanza." Niliomba msamaha, ila ilichukua muda tukarudi kuongea kama zamani.

Kosa lilikuwa langu. Daftari langu lilikuwa na nilichonunua na nilichouza, basi. Katikati hakuna kitu.

MZIGO WAKO UKO MAFUNGU MATATU
1. Malighafi: kitambaa, zipu na lebo ambazo hazijaguswa.
2. Mzigo ulio mezani: umeshaanza kufanyiwa kazi, haujaisha.
3. Mzigo uliokamilika: uko tayari kuuzwa.

Fungu la pili ndilo tunalolisahau, kwa sababu halipo dukani na halipo kwa mteja. Lakini pesa yako imo humo.

UNALITHAMINISHAJE?
Kwa gharama iliyoshaingia mpaka hatua lilipofika. Usiweke bei ya kuuzia, hujauza bado. Gharama ya gauni langu moja ni hii:
- Kitambaa 9,000
- Kukata 2,000
- Kushona 4,000 (uzi ni wa fundi)
- Kumalizia 1,000
- Zipu na lebo 1,000
Jumla 17,000. Nauza 30,000.

Yaliyokatwa tu: 9,000 + 2,000 = 11,000, mara 8 = 88,000.
Yaliyoshonwa bado zipu: 9,000 + 2,000 + 4,000 = 15,000, mara 4 = 60,000.
Mezani kwa fundi kulikuwa na 148,000 yangu.

Sasa tafuta ile 566,000 niliyotumia:
- Magauni 18 yaliyokamilika: 306,000
- Mezani: 148,000
- Pisi 5 za dukani: 90,000
- Zipu na lebo za magauni 22: 22,000
Jumla 566,000. Hakuna hata mia iliyoibiwa.

Na hasara je? Niliuza magauni 15. Gharama yake ni 255,000, mauzo 450,000. Nimebaki na 195,000 kabla ya kutoa kodi, bando na bodaboda. Nilichokuwa nakiita hasara ni mtaji uliokuwa umekaa kwenye mafungu yale matatu.

KABLA YA KUNUNUA TENA
Hapa ndipo hesabu hii inakulipa. Viwandani wanaita MRP, yaani kupanga mahitaji ya malighafi. Joseph Orlicky, aliyekuwa IBM, aliiandikia kitabu mwaka 1975. Sisi daftari linatosha.

Nataka magauni 30 mwezi unaofuata. Tayari ninayo 3, mezani 12. Ya kuanza upya ni 15. Kitambaa cha dukani kinatoa 10, kwa hiyo nanunua cha magauni 5: yadi 15, yaani pisi 2 na nusu, hivyo nachukua pisi 3. Nalipa 54,000. Kwa akili yangu ya zamani ningenunua pisi 15 kwa 270,000.

Angalia mtego: zipu hazihesabiwi hivyo. Yale 12 ya mezani yana kitambaa tayari lakini hayana zipu. Nahitaji 12 + 15 = 27, ninazo 22, naongeza 5. Kila malighafi iulize: imeshaingia kwenye kazi ya mezani au bado?

Halafu hesabu kwa rangi. Mteja wa sare ya kitchen party hatakubali kitenge kingine eti kwa sababu unacho.

MAMBO YANAYOHARIBU HESABU
- Nguo iliyokatwa vibaya. Itoe mezani siku hiyohiyo, iandike hasara. Ukiiacha, daftari litakudanganya kwamba una mali.
- Advansi ya mteja. Gauni likiwa bado mezani, ile pesa ni deni lako kwake. Usiiandike kama mauzo.
- Kuhesabu mara mbili. Pisi ikienda kwa fundi, ifute kwenye malighafi na uiandike mezani, kwa wakati mmoja.

NINACHOFANYA SASA
Kila mfuko unaokwenda kwa fundi una kikaratasi: tarehe, rangi, idadi, na hatua tatu: KUKATA, KUSHONA, KUMALIZIA. Hatua ikiisha, fundi anaweka tiki. Jumamosi jioni napita na daftari, tunahesabu wote wawili, kila mtu anasaini. Dakika 20 tu. Fundi mwenyewe anapenda, maana tiki zinamwonyesha anadai kiasi gani.

Kazi yako ya leo: kabla hujalala, mpigie fundi wako umuulize kwa heshima una vitu vingapi mezani kwake na vimefika hatua gani. Zidisha kwa gharama, andika. Ukiona namba inakushtua, usiende kununua mzigo mpya kesho.