Kuweka Nywila kwenye Anwani ya Daftari la Kikundi

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hapa Kaniha, wilayani Biharamulo, bado vinaishi kwa daftari la karatasi, na mimi sina ugomvi na karatasi. Cha kwetu kilihamia kwenye kompyuta kwa sababu wanachama wengine wako Mwanza na Dar es Salaam, na wanataka kuona hisa na marejesho yao bila kumpigia katibu usiku. Kurasa za daftari ziko kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu na Apache, na kazi ya kuzifunga ilinihusu mimi.

Wapo wanaoamini kwamba anwani ndefu isiyotabirika inatosha kuwa siri. Haitoshi. Anwani hutumwa WhatsApp, ikasambazwa, ikabaki kwenye kumbukumbu ya kivinjari cha simu ya kuazima. Hata faili la robots.txt ni ombi tu kwa mitambo ya utafutaji, tena kila mtu anaweza kulisoma, kwa hiyo ukiandika humo folda unayoificha umeitangaza. Na kwenye kata ambayo watu wanajuana hivi, deni la mama fulani likijulikana sokoni huwezi kulirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Anza na https. Njia nitakayoeleza hutuma jina na nywila katika mfumo wa Base64, ambao yeyote anayenasa mawasiliano huusimbua papo hapo. Cheti cha Let's Encrypt ni bure, na programu ya certbot hukiweka na kukihuisha yenyewe. Kabla cheti hakijakaa sawa, usimpe mtu nywila yoyote.

Kisha tengeneza faili la nywila, nje kabisa ya folda ya tovuti:

sudo apt install apache2-utils
sudo htpasswd -c -B /etc/apache2/nywila katibu
sudo htpasswd -B /etc/apache2/nywila mwekahazina

Angalia vizuri: -c iko kwenye amri ya kwanza tu. Ukiirudia kwa mtu wa pili, faili linaanzishwa upya na katibu anafutika. Ile -B huhifadhi nywila kwa bcrypt, ambayo ni ngumu kuvunja hata faili likiibwa. Mpe kila mtu jina lake. Nywila moja ya kikundi kizima huwezi kumnyang'anya mtu mmoja.

Ndani ya usanidi wa tovuti, kwenye sehemu ya bandari 443, andika:

<Location "/daftari">
AuthType Basic
AuthName "Daftari la kikundi"
AuthUserFile /etc/apache2/nywila
Require valid-user
</Location>

Endesha sudo apache2ctl configtest. Ikijibu Syntax OK, malizia na sudo systemctl reload apache2. Ukikodi nafasi ndogo usiyoweza kugusa usanidi mkuu, weka mistari minne ya katikati kwenye faili la .htaccess ndani ya folda yenyewe, na AuthUserFile ielekee faili lako la nywila. Wanaotumia Nginx badala ya Apache watatumia auth_basic na auth_basic_user_file.

Sasa jaribu, na hapa usiwe na haraka. Amri ya curl -I ikifuatwa na anwani yako irudishe 401. Ikirudisha 200, mlango uko wazi. Usiishie ukurasa wa mwanzo: jaribu na faili la PDF lililo ndani. Kumbuka pia kwamba /daftari inafunga /daftari/mikopo, lakini haigusi /daftari2024, ambayo kwa Apache ni anwani nyingine kabisa. Nakala za akiba zilizobanwa na kuachwa kwenye folda ya jirani huvujisha yaleyale uliyoyafunga, na mimi huzitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Njia hii haina kitufe cha kutoka. Kivinjari hukumbuka nywila mpaka kifungwe, kwa hiyo waambie wanachama wasiingie kwa simu ya mtu mwingine. Wala haimzuii mtu kubahatisha mara nyingi. Weka nywila ndefu, na ukiweza ongeza programu ya fail2ban.

Kikundi kinapogawana na viongozi wapya kuchaguliwa, aliyeondoka afutwe siku hiyohiyo:

sudo htpasswd -D /etc/apache2/nywila katibu

Wewe unayetunza daftari la wenzako mtandaoni, chukua simu ambayo haijawahi kuingia humo, ufungue anwani yake. Ikifunguka bila kukuuliza chochote, ifunge leo.