Kambare wa Kiambere: Mafunzo Niliyopata Nikiongoza Wageni

Nilizaliwa Makueni, kando ya mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Utotoni maji tuliyafukua, tukayachota kwa kibuyu, punda wakingoja zamu yao. Samaki nilimwona kwanza kwenye picha ya kitabu cha shule. Kwa hivyo nikiwaambia watu wa kwetu kwamba mkate wangu ni kuwapeleka wageni kuvua kambare, hucheka kwanza, kisha huuliza: wapi?

Ni Kiambere, bwawa la mwisho katika yale matano ya Seven Forks kwenye Mto Tana, lililoanza kuzalisha umeme 1988. Upande mmoja ni Embu, upande mwingine ni Kitui. Mimi huondokea Kitui, baada ya kununua mahitaji Mwingi na kula vumbi la kutosha. Nimefanya kazi hii misimu sita. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa hasara.

1. Fundi wa maji hana cheti

Nilianza na ujuzi wa simu: video za Wamarekani wakivuta kambare wakubwa kama ndama. Siku mbili mfululizo wageni wangu walirudi mikono mitupu. Siku ya tatu, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mgunga alinitazama nikipanga vifaa, akaniuliza kama nimekuja kuvua samaki au kuwapiga picha.

Nikakaa chini. Jioni alinipeleka mahali mbuzi hunywea maji: tope lililovurugwa na kwato, samadi, wadudu, maji yasiyofika kiunoni. "Usimfuate kilindini, kijana. Huyu huja kula karibu na watu." Na mimi nilikuwa nikitoa jasho kupiga kafi hadi katikati ya bwawa! Kambare ni wa usiku na wa chini. Macho yake ni madogo, lakini ana sharubu nane, na huzitumia kama mtu anayepapasa meza akitafuta kiberiti gizani. Usiku ule tulipata watatu kabla ya saa nne.

Tangu siku hiyo fungu la mzee hutoka kwanza, kabla sijahesabu langu. Wageni huniita mwongozaji. Mwongozaji ni yeye. Mimi ni mkalimani tu.

2. Chambo kinuke

Mgeni mmoja, mhandisi mstaafu, alikuja na sanduku la visamaki vya plastiki vilivyotoka Uingereza, kila kimoja na rangi yake na chumba chake. Alivirusha tangu magharibi hadi mikono ikamuuma. Hatua ishirini kutoka kwake, mvulana wa darasa la sita aliketi na ufito wa mti, ndoana moja na utumbo wa kuku uliolala juani mchana kutwa. Mvulana alipomvuta kambare wa pili, mhandisi alifunga sanduku lake taratibu, akaenda kumwomba utumbo. Walivua pamoja hadi usiku wa manane, na sijui nani alimfundisha mwenzake zaidi.

Kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, wavuvi humnasa vundu, ndugu mkubwa wa kambare, kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Nilijaribu Kiambere. Nilirudi na sabuni yangu. Maini ya kuku hayajaniangusha bado, na mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi, hata maini huyahitaji: kambare hupanda juu wenyewe kuwaokota, na unawasikia kabla ya kuwaona.

3. Ukimshika, hujamshika

Kambare hana magamba, ana ute, na kwenye kila pezi la kifuani ana mwiba mgumu wenye kingo kama msumeno. Akishtuka huikaza hiyo miiba miwili ikasimama kama misumari. Nilijua hivyo, na bado msimu wa pili nilimkamata vibaya mbele ya wageni ili nionekane mzoefu. Mwiba uliingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Nilivumilia usiku kucha, asubuhi nikapanda bodaboda hadi zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Sasa mgeni wangu hamshiki kambare mpaka nimwonyeshe: kiganja kutoka nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya miiba, kitambaa kikiwa kimelowa.

Halafu kuna ndoo. Niliwahi kuacha kambare ndooni penye maji kidogo bila kifuniko, nikalala. Alfajiri ndoo ilikuwa tupu. Nikamshuku jirani, Mungu anisamehe. Mtoto wake ndiye aliyemwona mwizi nyasini, mita chache kutoka ndoo, kichwa kikielekea majini, mzima kabisa. Zaidi ya matamvua, kambare ana kiungo cha kuvutia hewa, chenye matawi kama kichaka kidogo, ndicho kinachomwezesha kuishi topeni bwawa likikauka na kujiburura juu ya ardhi yenye unyevu. Nilimwomba jirani radhi kimoyomoyo. Kwa mdomo sikuweza.

4. Anayerudisha samaki majini ana watu wa kuwaeleza

Hili ndilo lililonigharimu usingizi zaidi ya yote.

Wageni wengi wa uvuvi wa burudani hupiga picha, wakamrudisha samaki. Kwao ni adabu. Usiku mmoja mgeni alivuta dume zuri, refu kama mkono wangu wote, akambusu kichwani (naapa), akamwachia. Ufukoni walikuwepo kina mama wawili waliokuja kuteka maji. Ulikuwa mwaka wa ukame; ndengu zilikauka zikiwa na maua. Mama mmoja akaniita pembeni. Hakupaza sauti. "Mwanangu, huyo mgeni wako amemwaga chakula?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza mambo ya kuhifadhi, nikajisikia mjinga katikati ya sentensi. Yeye hakuwa akiuliza habari za bwawa. Alikuwa akiuliza kwa nini mtu amsumbue kiumbe usiku ikiwa hana njaa.

Tuliongea na wazee wa pale, tukaafikiana, na makubaliano hayo huwasomea wageni kabla hawajalipa. Mvua zinapokaribia, majike wenye matumbo yaliyojaa mayai hurudishwa wote, maana mafuriko yakifunika nyasi za ukingoni ndipo huenda kutaga, na jike mmoja hubeba mayai maelfu kwa maelfu. Nje ya hapo, anayefaa kuliwa huliwa: mgeni huchukua mmoja, wengine hubaki ufukoni, na anayegawa ni mama yule yule. Wageni wawili walikataa masharti wakaenda zao. Sikuwarudisha.

5. Si kila mtu atakula

Ikuyu, ndivyo tunavyomwita samaki kwa Kikamba, lakini wazee wengi wa kwetu wakimtazama kambare humwona nyoka. Jirani Msabato hatamgusa kwa sababu hana magamba, na ana aya yake. Kwa hiyo jikoni sufuria ni mbili, na muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa haukosekani. Usimcheke mtu kwa anachokataa kula ukiwa ufukoni kwake.

6. "Leo hatuendi" ni sehemu ya huduma

Watu wa Kitui hawahitaji kuelezwa maji yanaweza nini. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa likivuka Mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mto huo kiangazi unauvuka kwa miguu. Na katika mvua za 2024 bwawa la Masinga, mojawapo ya yale matano, lilijaa hadi wakazi wa bondeni wakaambiwa wahame. Maji ya Tana yanatoka Aberdare na Mlima Kenya. Kiambere yanafika hata kama juu yako hakuna wingu.

Nilijua hayo yote, na bado Novemba moja nilikubali. Wageni wanne, likizo ya siku mbili, fedha zimeshaingia kwa M-Pesa. Wingu jeusi lilikuwa Mbeere, upande wa Embu. Walisema ni dogo. Boti ilikuwa ya kukodi, na mashine ilizimika tulipokuwa mbali na ukingo. Upepo ukageuza boti ubavu, maji yakaanza kuingia kwa vikombe, kisha kwa ndoo. Mgeni mmoja alikuwa amekalia jaketi lake la kuokoa maisha badala ya kulivaa, na sasa vidole vyake havikuweza kufunga kifungo. Tulisukumwa hadi kwenye mti mkavu uliozama, tukaushikilia karibu saa nzima, nikiwaza mamba bila kuwataja.

Mzee alikuja na mtumbwi wake mvua ilipopungua. Hakusema neno hadi kesho yake. Akaniuliza swali moja: "Jana ulikuwa unamwongoza nani?"

Siku hizi fedha huzipokea asubuhi ya safari, baada ya kutazama anga naye. Jaketi huvaliwa ufukoni, si botini. Samaki haoshwi ubavuni mwa boti, miguu haining'inizwi majini, na kwenye njia za viboko hatukai, hata kama ndipo penye upepo mzuri.

7. Karatasi

Kuvua bila leseni ni kosa. Sheria iliyopo ni ya 2016. Uliza ofisi ya uvuvi kabla ya safari, na ujitambulishe kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku. Ukimwona mtu nazo, usizipige picha na kuziita utamaduni.

8. Athi tunatazama tu

Wageni huniuliza kwa nini siwapeleki Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, karibu na kwetu. Kambare wamo. Lakini Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, na yale yanayomwagwa Nairobi hayaishii Nairobi. Kambare hula chini, penye tope, ambapo uchafu hutua. Siwezi kumpa yule mama samaki ambaye mimi mwenyewe nisingemla. Pale Athi unapokutana na Mto Thwake linajengwa bwawa kubwa, ukuta wa mita 80 na zaidi, kazi iliyoanza 2018. Siku likijaa, watu wa Makueni wataniuliza tunaanza lini. Nitaanza mto ukisafishwa.

Kwa sasa ni Kiambere. Ukija, chagua siku za mwezi mchanga, uje na tochi ya kichwani, suruali ndefu na viatu visivyoogopa tope. Chambo ni juu yangu. Na mzee akitazama anga akatikisa kichwa, muthokoi upo, tutakula tukingoja kesho.